Mmeshikana mikono sawa, daftari la petroli liko wapi?

Kuna kikao kimoja kimenikaa kichwani mpaka leo, na mi nilikuwemo, sijasimuliwa. Ni kanisa fulani huku kwetu Mwanza upande wa ziwani, jina naliacha. Chumba cha nyuma ya madhabahu, viti vya plastiki vya bluu, kwenye kona spika mbili mpya bado ziko na nailoni yake, zimefunikwa kitenge. Wazee wa kanisa tuko watano, mchungaji, alafu upande huu amekaa tajiri na upande ule kijana wake wa mtumbwini. Kwa msiojua lugha ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tajiri siyo lazima awe na hela nyingi, tajiri ni mwenye mtumbwi, mwenye injini, mwenye nyavu, hata kama anadaiwa kila kona wavuvi wake watamwita tajiri tu. Kijana analalamikia mgao. Anasema tangu giza la mwezi uliopita, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa kwa taa, hesabu ya petroli haimwingii akilini, wanaenda kuvua dagaa palepale, umbali uleule, ila matumizi yanapanda kila usiku. Alikuwa anaongea huku anaangalia viganja vyake, vina makovu ya kamba yale ambayo mtu yeyote wa ziwani anayajua. Akaomba kitu kimoja tu: "Mi naomba daftari lifunguliwe hapa tuone wote, nikiwa nimekosea nitamwomba mzee radhi mbele yenu."

Kimya.

Mzee mwenzangu mmoja akakohoa kidogo, akafungua Mathayo tano, heri wapatanishi maana hao wataitwa wana wa Mungu, akasema mwanangu sisi hapa ni familia ya Mungu, mambo ya hesabu ni ya dunia, shetani mlango wake ni hela. Tukasimama, tukaomba, wakashikana mikono, mama mchungaji akaleta soda. Na aliyefunga kwa sala ni mimi. Dakika kama arobaini hivi kesi imekwisha na daftari halijafunguliwa.

Siku ya nne kijana akala kona na betri mbili za taa, tukasikia yuko visiwani upande wa Ukerewe, kambi haijulikani. Yaani tuliingia kwenye kile chumba na mtu mmoja anayeshukiwa kuiba, tukatoka tukatengeneza wa pili.

Sasa watu wananiambia lile lilikuwa tatizo la maadili ya vijana. Mi nakataa. Lile lilikuwa tatizo letu sisi wapatanishi, na nataka nieleze kwa nini, sababu naona limejaa kila mahali kuanzia Kirumba mpaka Sengerema, kanisa linaloimba amani usiku na mchana lakini ukileta ugomvi wenye hela ndani yake, linashika Biblia kama mtu anayeshika mwavuli.

Tufanye hesabu kidogo, msinikimbie. Kila mwalo una utaratibu wake lakini ule ninaoujua mi unaenda hivi: dagaa wakishauzwa, kwanza yanatolewa matumizi, kinachobaki kinakatwa nusu, nusu ya tajiri, nusu ya pili wanagawana wavuvi. Tuseme usiku mmoja umeingiza laki 6. Petroli, kuchaji betri za taa, mikate na sukari, laki 2. Imebaki laki 4, tajiri laki 2, na wavuvi wakiwa wanne kila mmoja elfu 50. Sawa. Sasa tuseme daftari limeandikwa matumizi laki 3 badala ya laki 2. Inabaki laki 3, nusu yake laki moja na nusu, kila mvuvi anaondoka na 37,500. Kapungukiwa 12,500. Siyo hela ya kumpigia mtu kelele, ndo maana inapita. Ila giza moja ukivua usiku 18 hiyo ni 225,000 kwa kichwa, na hiyo ni ada ya mtoto, ni bati za chumba, ni mama yake kwenda hospitali ya Bugando na kurudi.

Upande wa tajiri je? Ameongezewa elfu 50 kwa usiku, usiku 18 ni laki 9. Na huyu mtu ni mwaminifu kwenye zaka, hilo hata adui yake hawezi kubisha, analeta fungu la kumi lake Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye bahasha. Fungu la kumi la laki 9 ni elfu 90. Kwahiyo ile kamati ya upatanishi iliyokaa pale kusikiliza kesi, kanisa lake lilikuwa limeshapokea elfu 90 kutoka kwenye mifuko ya wale vijana wanne bila kujua. Au tuseme bila kutaka kujua. Hatukuwa katikati, tulikuwa kwenye mgao.

Nasisitiza nimesema "tuseme", sijawahi kumthibitishia yule mzee wizi na simshtaki hapa. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na njia moja tu ya kujua, njia ya daftari, na sisi tukachagua soda.

Kiswahili chetu kwenye hili kinatusaidia na kinatuangusha kwa wakati mmoja. Biblia yetu inasema wapatanishi, watu wanaowafanya wengine wapatane, na kupatana kwetu sokoni maana yake nini? Kukubaliana bei. Nenda mwaloni asubuhi saa 11 uone mama anavyopatana na mchuuzi, hawashikani mikono wakalia, wanataja namba, wanavutana, anatoa sado, kile chombo cha kupimia, anaipima, anasema hii haijajaa ongeza, mpaka pale kila mmoja anapoona hajaumizwa. Huko ndo kupatana. Ila neno likivuka mlango wa kanisa linavuliwa namba zote, linabaki machozi na kukumbatiana. Yeremia alishalalamika zamani kuhusu watu walioponya jeraha la watu wake juu juu tu wakisema amani, amani, wala hapana amani. Na nje ya kanisa pia tumezoea hivyo, siku hizi mtu akikwambia "tulinde amani" mara nyingi anakuomba ushushe sauti.

Sasa niwapeleke Shirati. Ukitoka Mwanza unapanda basi la Musoma, unaendelea mbele mpaka Rorya, karibu na mpaka wa Kenya, ziwa ni hilihili. Mwaka 1934 walifika pale wamisionari Wamennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, akina Elam Stauffer, na kutoka hapo ndo likaja kuwa Kanisa la Mennonite Tanzania. Hawa ni watu ambao kukataa vita ni sehemu ya imani yao tangu karne ya 16 huko Ulaya, walikuwa wanachomwa moto na kuzamishwa mtoni na hawarudishi upanga. Ungetegemea basi walipofika ziwani ndo wangetufundisha amani. Walifundisha, sawa, lakini mi kinachonivutia ni kilichotokea mwaka 1942 pale Shirati, lilipoingia wimbi la uamsho lile lililoanzia Rwanda na Uganda, la walokole. Lile wimbi lilikuwa na tabia moja ambayo wazee wetu waliiona kwa macho kila lilikopita Afrika Mashariki: mtu akitubu, anarudisha. Siyo anajuta, anarudisha. Aliyechukua kitu cha jirani au cha mwajiri anabeba anaenda nacho mlangoni, hodi, nilichukua hiki, naomba unisamehe. Na siyo Waafrika peke yao, wamisionari nao walijikuta inabidi wasimame mbele ya watu waliokuwa wanawafundisha wakiri vyao, kiburi na kujiona bora. Mweupe na mweusi wakakaa benchi moja kwa namna ambayo miaka minane ya mahubiri haikuleta.

Yaani amani ilikuja na mzigo mkononi. Ndo Zakayo huyo, hakumwambia Yesu "nimeguswa sana na neno la leo", alisema nusu ya mali yangu nawapa maskini na kama nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Mara nne ya 225,000 ni laki 9 kwa kila kijana, wako wanne, milioni 3 na laki 6. Hebu fikiria tungemsomea tajiri wetu hiyo Luka 19 badala ya kumsomea kijana Mathayo 5. Ona tulivyogawa maandiko, ya kusamehe tulimpa mwenye njaa na ya kurudisha tukayafunika pamoja na zile spika.

Kuna mtu mwingine namfikiria kwenye hili, Ron Sider, Mkanada aliyefundisha miaka mingi huko Pennsylvania. Mwaka 1984 huko Strasbourg, Ufaransa, alisimama mbele ya mkutano wa Wamennonite wa dunia akawauliza kama wako tayari kufa kwa ajili ya amani kama askari wanavyokuwa tayari kufa kwa ajili ya vita, kwenda kusimama katikati ya pande mbili bila silaha. Maneno yale yalizaa timu za wapatanishi Wakristo zilizoanza miaka ya themanini, zikaenda Haiti, zikaenda Hebron kwa Wapalestina, zikaenda Iraq. Mmoja wao Tom Fox, ambaye zamani alikuwa mpiga muziki kwenye bendi ya jeshi la Marekani, alitekwa Baghdad mwishoni mwa 2005 na akauawa Machi 2006, wenzake watatu wakaokolewa wiki hizohizo na wakatangaza hadharani kwamba wamewasamehe waliowateka.

Hadithi kama hiyo ukiihubiri huku watu wanalia, nimeona. Ila huyuhuyu Sider, miaka saba kabla ya Strasbourg, mwaka 1977, alitoa kitabu kinachowabana Wakristo matajiri kwenye dunia yenye njaa, na humo anapendekeza zaka inayopanda: kipato kikiongezeka, asilimia nayo iongezeke, siyo anayepata elfu 50 na anayepata milioni 50 wote fungu la kumi. Hicho hatukihubiri. Na unaona kabisa kwa nini. Mtu anayekufa Baghdad hanigusi, nalia nafuta machozi nakula chakula cha mchana, ila mtu anayeniuliza asilimia yangu ameingia chumbani. Mi naamini kwake yale yalikuwa jambo moja, kwamba huwezi kusimama katikati ya watu wawili wakati mmoja wao ndo anakulipia nauli ya kwenda kusimama.

Na hapo ndo penye fundo. Makanisa yetu mengi ya pembezoni mwa ziwa yanaishi kwa watu wachache. Hayaishi kwa waumini, yanaishi kwa watu watatu wanne: mwenye mitumbwi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, labda mnunuzi wa mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara. Bati wao, spika wao, mafuta ya gari la mchungaji wao. Siyo kwamba wanadai kitu, wengine wana roho nzuri kabisa, lakini hawahitaji kudai. Mchungaji anajua mwenyewe. Alafu juu ya hapo weka mahubiri ya siku hizi ya kupanda mbegu, kwamba aliyebarikiwa ndo aliyempendeza Mungu, sasa utamwambiaje aliyebarikiwa afungue daftari? Unakuwa unamkagua Mungu mwenyewe.

Nisije nikaonekana kwamba nawachukia matajiri wa mwaloni. Nimekaa nao sana. Yule mtu injini yake ni ya mkopo, na injini ziwani zinaibiwa na watu wenye silaha usiku, ikienda imeenda na deni linabaki. Vijana nao siyo malaika, kuna kuuza majini, unashusha ndoo kadhaa kwenye mtumbwi mwingine kabla ya kufika mwaloni, tajiri anaona tu dagaa wamepungua anaambiwa ziwa limechafuka. Alafu ikifika mbalamwezi hakuna kuvua, wiki nzima na zaidi, nani anawakopesha unga? Ni huyohuyo tajiri. Ni benki, ni bima, ni baba mkwe. Kwahiyo inawezekana kabisa ile petroli iliyopanda ndo ilikuwa njia yake ya kujirudishia dagaa waliouzwa majini, inawezekana kila upande ulikuwa unamwibia mwenzake kimyakimya kwa bei ambayo wote waliizoea. Lakini hiyo ndo sababu ya kufungua daftari, siyo sababu ya kulifunga. Lingefunguliwa, na kijana angeulizwa maswali ambayo asingeyapenda.

Wazee wenzangu nilipowarudia na hoja hii wakanipiga na Luka 12, yule mtu aliyemwambia Yesu mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu, na Yesu akamjibu ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu. Umeona, wakasema, Bwana mwenyewe alikataa kesi za mali. Nilikaa na hilo jibu siku mbili, siwadanganyi, maana linaonekana limenyooka. Alafu nikaendelea kusoma mstari unaofuata, na sijui kwa nini huwa tunaishia pale. Anageuka palepale anawaambia watu wote jilindeni na choyo, na anaanza kusimulia habari za tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi. Yaani alikataa kuwa hakimu wa upande mmoja, hakukataa kuongelea ghala. Sisi tulifanya kinyume, tukakubali kuwa mahakimu, tukamhukumu kijana kusamehe, na ghala hatukuligusa.

Ukija kwetu utakuta kila kijana wa Mwanza amekulia kwenye hiki kitu. Wazazi wetu waliona viwanda vya minofu vya miaka ya tisini, sangara anaingia mzima mlango huu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, yanatoka mlango wa nyuma yanakaangwa tunakula sisi. Nani alikuwa anatuelekeza hesabu ya hapo? Siku hizi ni bondo, ambalo Wachina wanalinunua kwa bei ya kushangaza, na ugomvi umehamia huko, bondo ni la mvuvi au ni la tajiri, na hilo nalo litaletwa kwenye viti vya bluu.

Juzi nilimfuata tajiri nyumbani, mwenyewe, bila kamati. Nikamwambia mzee mwenzangu, sijaja kukusuta, kijana ameondoka na betri na huo ni wizi, lakini mi sala niliyofunga nayo inanisumbua, naomba nilione daftari. Nilitegemea anifukuze. Akacheka kidogo, akaingia ndani, akatoka nalo, daftari la kawaida la shule lenye jalada limetoka, linanuka petroli lenyewe. Akalifungua kwenye giza la mwezi ule, akaligeuzia kwangu.

Petroli lita kadhaa, mkate, sukari, kuchaji betri, kamba. Na katikati ya mikate na kamba, kwa mwandiko uleule, upande wa matumizi: mzee wa kanisa, sado 1. Shuka chini usiku mwingine, mzee wa kanisa, sado 1. Ni wale dagaa waliokuwa wanaletwa nyumbani kwangu na bodaboda, na mke wangu anasema Mungu ambariki huyu baba. Kumbe walikuwa wanatolewa kabla ya kukatwa nusu.

"Na hao niwaandike upande gani?" akaniuliza, na hakuwa ananikejeli.

Nilihesabu mistari, ilikuwa saba. Nikachukua bei ya sado nikazidisha mara saba kwenye simu, nilipokumbuka ile mara nne ya Zakayo nikaiweka simu mfukoni. Namba ya kijana nimeipiga mara nyingi, haipatikani.